Nani Anakaa Pembeni mwa Picha?

Mungu anawaona watu wote kwa pamoja na anamwona kila mmoja peke yake, bila huyu kumfunika yule. Ndivyo sisi Wakatoliki wa Ngara tulivyofundishwa tukiwa wadogo, na jirani zangu Waislamu hapa Benaco husema hata jani halidondoki Yeye asijue. Sisi wenye kamera hatukupewa neema hiyo. Ukiwataka wote unazipoteza nyuso, na ukiutaka uso mmoja wengine wanabaki nje.

Jambo hili limenikalia kichwani tangu nianze kutafuta lenzi pana ya bei nafuu. Kamera yangu ni Pentacon Six ya Ujerumani Mashariki, inayotumia filamu ya 120 na kutoa picha 12 za mraba, sentimita 6 kwa 6. Lenzi yake ya kawaida, milimita 80, inamtosha bibi harusi. Inamtosha pia dereva wa lori la kwenda Kigali anayetaka kupigwa mbele ya gari lake. Kwaya haienei humo, wala kikao cha ukoo.

Wenye fedha zao hununua Hasselblad na lenzi yake pana, Distagon. Sisi wengine tuna mbili za kufikiria: Flektogon ya milimita 50, ya Carl Zeiss Jena, na Mir-26 ya milimita 45, iliyotengenezwa Kiev enzi za Wasovieti. Unafuu wa lenzi hizi una sababu. Shata ya kamera kama Pentacon iko ndani ya kamera yenyewe, kwa hiyo lenzi haibebi mitambo mingi. Ila kwenye Mir uwe macho, maana ilitolewa kwa vifungio viwili: ya kamera ya Kiev 60 inaingia kwenye Pentacon, ya Kiev 88 haiingii. Mwambie muuzaji akupigie picha ya nyuma ya lenzi kabla hujatuma hela, kisha aimulike kwa tochi. Fangasi huonekana kama utando wa buibui, na kwa unyevu wa mkoa huu wa Kagera, akishaingia humtoi kirahisi.

Kati ya 45 na 50 tofauti inaonekana ndogo, mpaka uangalie pembeni mwa picha. Kadiri lenzi inavyokuwa pana, ndivyo aliye ukingoni anavyovutwa kuelekea kona. Shangazi aliyesimama mwisho wa mstari atatoka na mashavu ambayo hakuzaliwa nayo, na wewe ndiye utakayelaumiwa. Hata Distagon ya bei mbaya hufanya vivyo hivyo, kwa sababu hii ni hesabu ya mwanga na wala si ubovu wa kiwanda. Anayepanua picha anaamua pia nani aumie. Hapo ndipo ninapojiuliza: je, kuona wengi ni kuona ukweli zaidi?

Hapa Benaco swali hilo lilishaulizwa kwa watu halisi. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakitoka Rwanda, ndani ya saa 24, na hapa pakawa kambi ya wakimbizi. Wapiga picha walikuja kutoka nchi nyingi, na wengi wao walitafuta mahali pa juu pa kusimama: moshi, maturubai, vichwa mpaka macho yanapokomea. Picha hizo zilisaidia kuleta chakula na maji. Sizibezi. Lakini ndani ya umati ule alikuwemo Jean-Baptiste Gatete, aliyewahi kuwa bourgmestre, yaani meya, wa Murambi huko Rwanda. Juni mwaka ule ulipofanyika mpango wa kumwondoa kambini, maelfu ya wakimbizi waliwazingira watoa misaada. Mahakama ya kimataifa ya Arusha ilikuja kumtia hatiani kwa mauaji ya kimbari, na mwaka 2012 rufaa ikampa kifungo cha miaka 40. Kwenye picha ya kutoka kilimani mtu kama yeye ni nukta, sawasawa na mtoto aliyekaa hatua chache kutoka kwake akiwa hana mama.

Lenzi haikusema uongo. Waliotazama ndio waliojidai wameona. Mwanzoni dunia ilisema wote hawa ni wahanga. Baadaye ikasema wote hawa ni wauaji. Kauli zote mbili zilisomwa kwenye picha ileile. Na Desemba 1996, serikali yetu ilipotaka wakimbizi warudi Rwanda kabla mwaka haujaisha, walirudi kama walivyopigwa picha: umati, daraja lilelile.

Sebastião Salgado, Mbrazili, naye alipiga picha hapa mwaka 1994, kwa Leica zake ndogo. Filamu pana zaidi aliitumia baadaye, na Pentax 645. Yale ya Rwanda yalimwumiza hata akaacha kamera kwa muda, akarudi kwao kupanda miti na mkewe Lélia. Alifariki Mei 2025. Wapo waliomlaumu kwamba aliyapamba mateso. Kwangu uzuri wa picha si kosa. Namuuliza mpiga picha alisimama umbali gani.

Maana lenzi pana haimsogezi mtu mbali, ingawa vijana wengi wanaoanza kazi hii wanaamini hivyo. Mtu anakuwa mkubwa au mdogo kuliko mwenzake kutokana na mahali uliposimama wewe. Flektogon na Mir zote zinafokasi mpaka nusu mita, na ukiwa nusu mita huwezi kuiba picha. Lazima useme, "Shikamoo mzee, naomba nikupige picha." Naye atakuuliza, "Ya nini?" Unadaiwa jibu. Akikubali, yeye atakuwa mkubwa, na nyuma yake soko, malori na kilima vitaingia vyote. Najua kwamba hata hivyo nimempendelea mmoja. Lakini kwa upendeleo huo nina mtu mwenye jina wa kumjibu, na ukitokea ugomvi atajua pa kunipata. Aliyepiga kutoka kilimani hadaiwi na yeyote.

Kwa hiyo nimechagua 50. Ile 45 inaingiza watu wengi zaidi na kuwaharibu walio ukingoni, nami sina haja ya kuwa na kila mtu kwenye fremu moja. Nitaifunga mpaka f/11 ili kona zikaze, na shangazi nitamweka katikati. Kama unayo Flektogon ya milimita 50 isiyo na fangasi, hata kama rangi imechubuka, pita Benaco uniulizie kwa wapiga picha. Tutaelewana bei.