Biashara ya Simu na Amana



Siku hizi mama wa Mombasa huuza leso na mabuibui kwa WhatsApp na Facebook pasi na kukodi duka, na fedha zikamfikia kwa M-Pesa. Chumo hili ni halali, wala hatulikatazi. Lakini mnunuzi huona picha tu, nguo hakuigusa.

Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta chini kumerowa. Akamuuliza mwenyewe kwa nini asiuweke unyevu juu, watu wauone; na akatujuza kuwa mwenye kughushi si katika sisi.

Basi picha ndiyo juu ya rundo. Muuzaji na aonyeshe na doa. Na aliyefichwa aibu ya bidhaa arudishiwe fedha zake.

Mwenyezi Mungu atubarikie machumo yetu. Amin.