Nzi wa Matunda Mawili



Mwaka jana, wakati viwavi vilipojaa mitini, mtoto mmoja wa darasa la nne aliinua mkono akaniuliza: «Mwalimu, kila kiwavi kina mti wake. Kiwavi cha mti huu hakigusi majani ya mti ule. Na wale wageni waliohamia ng'ambo ya mto hawali chakula tunachokula sisi. Je, hao nao ni aina nyingine ya watu?»

Sikumkaripia, kwa maana swali la namna hii halijibiwi kwa fimbo. Siku hiyo hapakuwa na mtoto hata mmoja wa wageni darasani. Sababu yake nitaisema mwishoni, nami nitaisema kwa haya. Kwanza sikilizeni habari niliyowaeleza wanafunzi.

Katika nchi ya Marekani yuko nzi mdogo, mdogo kuliko nzi wa nyumbani, mwenye mistari myeusi mabawani. Tangu kale nzi huyo alitaga mayai yake katika matunda madogo mekundu ya mti wa miiba unaoota porini. Funza huanguliwa ndani ya tunda, hula nyama yake, na tunda likianguka hutoka na kujifukia udongoni. Humo hukaa majira yote ya baridi, na mwaka wa pili hutoka akiwa nzi mwenye mabawa.

Katika karne ya 17 Wazungu waliohamia huko walipanda mitofaa, miti ambayo nchi ile haikuwa nayo. Kwa miaka mingi nzi hawakuyajali matunda yake. Lakini katikati ya karne ya 19 wakulima wa bonde la mto Hudson waliona matofaa yao yameliwa na funza. Katika miaka ya 1860 mchunguzi wa wadudu, Benjamin Walsh, alisema ya kwamba baadhi ya nzi wa mti wa miiba wamehamia mtofaa, na ya kwamba kuhama huko kwaweza kuwa mwanzo wa aina mpya. Katika miaka ya 1960 mtaalamu mwingine, Guy Bush, alilichunguza jambo hilo tena kwa bidii, na mwaka 1988 wataalamu walionyesha ya kuwa urithi wa makundi hayo mawili umekwisha kuanza kutofautiana.

Yamekuwaje? Tazameni vizuri, maana hapa ndipo penye mafundisho. Nzi hawa huoana juu ya tunda lile lile wanalotagia mayai. Tena tofaa huiva majuma matatu au manne kabla ya tunda la mti wa miiba, na nzi mzima huishi kama mwezi mmoja tu. Basi nzi wa mtofaa hutoka udongoni mapema, huifuata harufu ya tofaa, na hapo hukutana na nzi wa mtofaa mwenzake. Nzi wa mti wa miiba hutoka baadaye, huifuata harufu yake, naye hukutana na wa kwao. Hakuna mlima kati yao, wala bahari. Miti yao yaweza kusimama katika shamba moja. Hata hivyo wanaochanganyika katika kila kizazi ni kama 4 hadi 6 tu katika 100.

Wataalamu hawasemi kwamba wamekwisha kuwa aina mbili kamili; wasema kwamba wamo njiani. Wala si wao peke yao. Yuko nyigu mdogo sana atagaye mayai yake ndani ya funza wa nzi hao. Mwaka 2009 ilitangazwa ya kuwa nyigu huyo naye ameanza kugawanyika, kwa kuwa amemfuata nzi katika matunda yote mawili. Mgawanyiko mmoja umezaa mwingine.

Mkatekumeni aweza kushtuka na kusema: «Je, Mungu hakuumba kila kitu kwa aina yake?» Ndiyo, ndugu, aliumba. Lakini Mwumbaji si mfinyanzi aliyekianika chungu chake akaenda zake. Aliyewapa viumbe uhai aliwapa pia uwezo wa kufuata mahali na chakula kipya, na kazi hiyo yaendelea mbele ya macho yetu.

Sasa turudi kwenye swali la mtoto. Je, chakula ndicho kinachofanya aina? Sivyo. Chakula kiliwatenga nzi kwa sababu kwao mahali pa kula ndipo mahali pa kuoana. Kinachotenga ni kutokukutana. Mwanadamu aweza kula muhogo, au mahindi, au wali, naye huoa kwa wala muhogo, na kwa wala mahindi, na kwa wala wali, akazaa watoto wazima. Katika urithi wa watu wawili wo wote duniani, sehemu 999 katika 1000 ni sawa. Basi nilimjibu mtoto yule: «Wale wa ng'ambo ni watu wa aina yetu, hakuna nyingine.»

Lakini usiku sikulala vizuri. Wageni walipofika, mimi mwenyewe niliagiza watoto wao waje kusoma alasiri, na watoto wetu asubuhi. Sababu yangu ilikuwa njema: nyumba zao ni mbali, na mvua ikinyesha usiku, mto huwa umejaa asubuhi. Sikuwa na chuki. Hata hivyo, kabla ya mwaka kwisha, watoto wetu hawakujua majina ya wale, nao wakauliza kama ni watu wa aina nyingine.

Nzi hawachukiani, ndugu zangu. Walianza kutengana kwa sababu kundi moja lilitangulia na jingine likachelewa. Sisi twadhani kwamba utengano huletwa na matusi na mapanga, na kwamba asiyetukana hana kosa. Kumbe saa tofauti yatosha, na benchi tofauti, na chungu tofauti. Nzi hana kosa, kwa maana hakupewa akili ya kuona mwisho wa njia yake. Mimi nimepewa, nami sikuitumia.

Jumatatu iliyofuata niliwaita wote saa moja, katikati ya asubuhi, mto ukiwa umepungua. Wazazi wengine walinung'unika, na wengine wananung'unika hata leo. Yule mtoto aliyeuliza aketi benchi moja na mtoto wa ng'ambo. Wangali wanabishana juu ya viwavi: mmoja asema ni vitamu, mwenzake asema hatavitia kinywani kamwe. Lakini wanabishana wakiitana kwa majina.

Nawe msomaji, jiulize jioni ya leo: ni nani anayepita mlangoni pako kila siku, katika saa ambayo wewe hupo?