Nani Atajibu kwa Motokaa Isiyo na Dereva?

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, imo sheria ambayo wengi wetu huipita upesi tusomapo, maana yahusu ng'ombe. Ng'ombe akimpiga mtu pembe hata akafa, ng'ombe huyo sharti apigwe mawe, wala mwenyewe hana hatia. Lakini ikiwa ng'ombe alikuwa na desturi ya kupiga watu pembe tangu zamani, na mwenyewe alikwisha kuonywa, naye hakumfunga, hapo mwenyewe ana hatia ya damu ile. Kwa hiyo waamuzi wa Israeli walikuwa na neno moja kubwa la kuuliza: mwenye ng'ombe alijua nini kabla mtu hajafa?

Twaikumbuka sheria hiyo kwa sababu ya motokaa zinazojiendesha zenyewe, ambazo wasomaji wetu wengi wamekwisha kuziona katika picha. Si hadithi tena. Kampuni ya Google ilianza kuzijaribu huko Marekani mwaka 2009, na tangu Oktoba 2020 watu wa kawaida wa upande wa Phoenix, jimbo la Arizona, wameweza kuita motokaa ya Waymo, kampuni iliyozaliwa na kazi hiyo, wakapelekwa waendako pasipo mtu ye yote kwenye usukani. Kamera, rada na miali ya leza hutazama njia pande zote, na kompyuta huamua lini kugeuka na lini kusimama. Kufikia Mei 2025 safari zilizolipiwa zilikuwa zimepita milioni 10.

Watu wamezipokeaje? Wengine kwa furaha, wengine kwa hasira. Katika mji wa San Francisco, mwaka 2023, wapinzani waligundua kwamba ukiweka koni ya barabarani juu ya boneti, motokaa husimama imeduwaa kama mbuzi aliyefungwa kamba. Februari 2024, siku za sherehe za mwaka mpya wa Kichina, umati wa watu ulivunja vioo vya motokaa moja iliyokuwa tupu, ukaitia moto. Chama cha wenye magari cha nchi hiyo, AAA, kiliuliza watu mwaka 2025, na karibu 6 kati ya 10 walisema waogopa kupanda. Kuchoma mali ya mwingine ni kosa, wala hatuna la kuongeza hapo. Hofu ni jambo lingine, nayo yastahili kusikilizwa.

Lakini kwanza tuseme haki. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu wapatao 1,190,000 hufa barabarani kila mwaka, na zaidi ya 9 katika kila 10 ni wa nchi zenye kipato kidogo au cha kati, kama yetu. Zaidi ya nusu ni waendao kwa miguu, kwa baiskeli na kwa pikipiki. Mashine hainywi pombe, haisinzii alfajiri, haishindani na mwenzake kuwahi abiria kituoni. Kama kweli yaweza kupunguza misiba hii, basi anayeikataa kwa kuwa tu ni ngeni naye ana jambo la kujiuliza mbele ya amri ya tano. Twasema "kama kweli", kwa sababu hesabu nyingi za usalama zinazotangazwa hutoka kwa kampuni zenyewe, na mfanyabiashara apimaye kwa mizani yake hana budi kuileta ikaguliwe. (Habari ya riziki ya madereva na watoto wao ni kubwa, nayo tutaiandikia siku yake.)

Hata iliyo bora kuliko zote itaua mtu siku moja, na hapo ndipo tunapotaka kukaa kidogo. Kanisa latufundisha kwamba dhambi ya mauti yahitaji jambo zito, ujuzi kamili na ridhaa kamili. Kompyuta haina ujuzi wa namna hiyo wala ridhaa. Haiwezi kutenda dhambi, na kwa sababu hiyo hiyo haiwezi kujuta, kuungama, wala kufanya malipizi. Basi hatia ikiwapo, imo kwa watu, nayo sharti itafutwe huko.

Tazameni yaliyotokea Tempe, Arizona, usiku wa tarehe 18 Machi 2018. Mwanamke mmoja alikuwa akivuka barabara pana huku akisukuma baiskeli. Motokaa ya majaribio ya kampuni ya Uber, iliyokuwa ikijiendesha, ilimgonga akafa. Ndani aliketi mfanyakazi aliyeajiriwa kuiangalia, naye macho yake yalikuwa kwenye simu. Wachunguzi wa serikali walikuta kwamba mitambo ilimwona mama huyo sekunde 5.6 kabla ya kumgonga, ikamdhania mara gari, mara kitu kisichojulikana, mara baiskeli. Walikuta pia kwamba programu yake haikutengenezwa itazamie mtu kuvuka mahali pasipo alama za kuvukia, na kwamba breki za dharura alizoziweka mtengenezaji wa gari zilikuwa zimezimwa wakati wa kujiendesha. Mambo hayo hayakuamuliwa na mfanyakazi yule. Yaliamuliwa ofisini, na watu waliokuwa na nafasi ya kufikiri. Hata hivyo mwaka 2019 mwendesha mashtaka alisema haoni msingi wa kuishtaki kampuni kwa jinai. Aliyeshtakiwa ni mfanyakazi, naye mwaka 2023 alikiri kosa, akapewa miaka 3 ya kuwa chini ya uangalizi.

Hatusemi hakukosa. Aliajiriwa kutazama njia, hakuitazama. Lakini sura hii ya haki sisi twaifahamu. Basi likipinduka, dereva hutafutwa usiku huo huo, na tajiri aliyempangia mwendo usiowezekana kwa saa alizopewa haulizwi neno. Ng'ombe amepigwa mawe, mwenyewe yuko nyumbani amelala.

Wenye elimu wamependa zaidi kitendawili kingine: breki zikikatika, motokaa imgonge mtoto au mzee, mmoja au watano? Chuo cha MIT kiliwauliza watu wa dunia nzima maswali ya namna hiyo, na mwaka 2018 kikatangaza kwamba kimekusanya majibu karibu milioni 40. Ujerumani ilikuwa imeunda tume mwaka 2016, na Askofu Msaidizi Anton Losinger wa Augsburg alikuwa miongoni mwa wajumbe. Tume hiyo ilikataza watu wasichaguliwe kwa umri, kwa jinsia wala kwa hali ya mwili, na hapo ilinena vema. Ila twadhani kitendawili chenyewe chatupoteza njia. Mama wa Tempe hakuwekwa mizanini pamoja na mtu mwingine. Alikufa kwa kuwa hakuna aliyeiambia mashine kwamba watu huvuka barabara po pote.

Kisa cha pili ni cha San Francisco, tarehe 2 Oktoba 2023. Dereva, mtu kama sisi, alimgonga mwanamke akakimbia. Mama huyo akatupwa mbele ya motokaa isiyo na dereva ya kampuni ya Cruise, ikamgonga, ikasimama, kisha ikaondoka tena kwenda kando ya njia huku ikimburuta karibu mita 6. Aliumia vibaya, lakini aliokoka. Kuburuta kule lilikuwa kosa la mashine. Lakini taarifa iliyopelekwa serikalini haikutaja kuburuta, na taarifa huandikwa na watu. Novemba 2024 kampuni ilikiri kwamba ilitoa taarifa ya uongo, ikatozwa dola 500,000. Kwetu sisi, neno hili la amri ya nane latutia hofu kuliko lile la breki.

Je, sheria zaweza kumpata mwenye ng'ombe? Uingereza imejaribu. Sheria yake ya mwaka 2024 yasema kwamba motokaa iliyoidhinishwa ikijiendesha, anayejibu kwa mwendo wake ni kampuni iliyoiombea idhini, wala si abiria aliyeketi kwenye usukani. Na kampuni ikificha habari za hatari au kusema uongo juu yake, wakubwa wake waweza kushtakiwa wao wenyewe. Huko California, Septemba 2025, polisi wa mji mdogo wa San Bruno waliisimamisha motokaa ya Waymo iliyogeuza mahali pasiporuhusiwa, wasijue la kufanya, maana kitabu chao cha faini kilitaka jina la dereva.

Kwetu motokaa nyingi huja zimekwisha kutumika Japani, hushushwa bandarini Dar es Salaam, zikapita mikono mitatu minne kabla ya kufika Songea au Bukoba. Mwenye ng'ombe wa Waisraeli alikaa kijiji kimoja na jirani yake, na wazee walimwita langoni. Wabunge wetu watakapoitwa kuandika sheria ya motokaa hizi, twawaomba waanze na jina na anwani ya mtu atakayeitikia mwito wa mahakama ya hapa hapa nchini.