Kuijua Ardhi ni Katika Kumjua Muumba



Wako miongoni mwetu wazee wema ambao, mtoto akirudi nyumbani na kitabu cha jiografia, husema kuwa hiyo ni elimu ya dunia, haimfai mtu kaburini. Wazee hao twawaheshimu, lakini katika neno hili hatuwafuati. Na hoja yetu yatoka katika Qur'ani yenyewe.

Katika Sura ya Fatir, aya ya 27 na ya 28, Mwenyezi Mungu atuelekeza tuitazame mvua iteremkayo, matunda ya rangi mbalimbali na milima yenye mistari ya rangi zake. Na papo hapo ndipo awatajapo wenye elimu kuwa ndio wamchao. Mvua, mimea na milima ndiyo masomo ya jiografia. Vipi basi tuufunge mlango alioufungua Mola?

Tusiende mbali, tuitazame Lamu. Huko Shela viko vilima vya mchanga ambavyo mpita njia huviona havina faida. Mwenye kusoma ajua kuwa hivyo ndivyo birika la mji. Mvua ya masika, ianzayo mwezi wa Aprili pepo za kusi ziingiapo, haisimami juu ya mchanga, hupenya ikashuka. Na kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya bahari, hukaa juu ya maji ya chumvi yaliyo chini ya kisiwa. Majani yatambaayo vilimani nayo huushika mchanga usipeperuke. Umbo la ardhi, hali ya hewa na mimea vimeshikamana. Ukiharibu kimoja umeviharibu vyote.

Wataalamu wamepiga hisabu wakaona kuwa katika ardhi kama hiyo, maji matamu yakishuka futi 1, chumvi iliyo chini yaweza kupanda kadiri ya futi 40. Basi mwenye kuchota mchanga, mwenye kujenga juu ya vilima, na mwenye kuvuta maji kwa pampu bila kiasi, haharibu mali yake peke yake. Akitia chumvi kisima cha jirani. Na Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuwa maji ni katika vitu ambavyo watu wote ni washirika. Aharibuye kwa kutojua, ni juu ya nani kumjulisha?

Wanavyuoni wamesema kuwa elimu ambayo watu hawawezi kuishi bila yake ni fardhi kifaya: wakiisimamia baadhi, wengine wameokoka; wakiiacha wote, wote wamo katika dhambi. Imam Ghazali alitaja utabibu na hisabu. Sisi twaona kuwa katika kisiwa ambacho uhai wake ni maji ya mchangani, elimu ya ardhi haiko nyuma ya hizo. Wala si ya kigeni kwetu: Al-Idrisi alimaliza kitabu chake cha nchi za dunia mwaka 1154, na Malindi imo ndani yake. Na nahodha azijuaye kusi na kaskazi, hata akiwa hajaingia skuli, huyo naye ni mwanachuoni wa elimu hii.

Kwa hivyo twawanasihi walimu wa vyuo: siku moja watoeni watoto, wa kiume na wa kike, wakavione vilima hivyo, na mzee wa bahari awaeleze pepo. Wakirudi, wasomeeni aya zile mbili. Hapo watajua wasomalo.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa, na atuhifadhie maji yetu. Amin.