Je, Kucheka Baada ya Msiba ni Khiyana?



Limetufikia katika darsa yetu hapa Isiolo swali ambalo tumeona si haki kulijibu faraghani tu. Mama mmoja wa mji huu alifiwa na mwanawe wa kwanza. Baada ya siku nyingi za huzuni, mdogo wake marehemu alifanya mzaha walipokuwa wakinywa chai ya asubuhi, na yule mama akacheka. Mara akauziba mdomo wake kwa mkono, akalia, akasema, “Nimemfanyia mwanangu khiyana.” Kisha akatuma mtu kuuliza: Je, ni halali kwa aliyefiwa kufurahi, na hali mpenzi wake yu kaburini?

Swali hili si la mama yule peke yake. Ziko nyumba, huku na huko pwani, ambazo baada ya mauti redio haifunguliwi tena, watoto hukatazwa kucheza uani, na sikukuu ya Idi hupita bila ya pilau wala nguo mpya. Wenye kufanya hivyo hawana nia mbaya, bali huona kwamba hayo ndiyo mapenzi.

Kwanza twasema kuwa kulia si dhambi wala si upungufu wa imani. Mtume wetu (S.A.W.) alipofiwa na mwanawe mchanga Ibrahim, katika mwaka wa 10 wa Hijra, macho yake yalitiririka machozi. Sahaba mmoja alipostaajabu, alimwambia kuwa hiyo ni rehema. Basi wale wanaomkemea mwanamke aliyefiwa wakimwambia, “Nyamaza, usimkasirishe Mungu,” na watazame wamepata wapi ukali huo.

Lakini siku ile ile ya kufa Ibrahim jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa ajili ya mauti ya mtoto wa Mtume. Baba mwenye jeraha moyoni angeweza kuyaacha maneno hayo yapite, kwani ni maneno ya kumtukuza mwanawe. Hakuyaacha. Aliwafundisha kuwa jua na mwezi havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuishi kwake. Twajifunza hapa kuwa machozi ni yetu, lakini jua si letu. Hatuna ruhusa ya kuizima nuru ya nyumba kwa ajili ya maiti wetu, kwa kuwa nuru hiyo ni haki ya wengine pia.

Sisi wakazi wa Isiolo tuna mfano wa karibu. Wazee wa Kiborana wa nchi hii ya Waso huiita miaka ya vita vya Shifta, vilivyoanza 1963 na kumalizika kwa mapatano ya Arusha katika Oktoba 1967, kwa jina la gaafa dhaaba, yaani siku za kusimama. Watu wa raia walikusanywa katika kambi, kama vile Garba Tulla na Merti, mifugo yao ikanyang’anywa na kuuawa, na wengi wakapoteza wazazi, waume na watoto. Waliita jina la kweli: maisha yalisimama.

Hata hivyo hawakukubali yasimame daima. Waliobaki walioa na kuolewa, wakalea watoto, wakaanza upya kwa mbuzi wachache au kwa vibarua mjini. Na leo, kila siku ya Mungu, maziwa ya ngamia hutoka Isiolo kwenda kuuzwa Nairobi, na wengi wa wafanya biashara hiyo ni wanawake. Ukiketi na wazee hao jioni utawasikia wakicheka na wajukuu. Nawe ukiwauliza habari za dhaaba, sauti zao hubadilika. Kicheko hakikuifuta huzuni, na huzuni haikukiharamisha kicheko. Vyote viwili vimekaa katika kifua kimoja.

Huenda mtu akasema, “Haya mnayoyafundisha ni kusahau.” Twamjibu: Mtume hakumsahau Bi Khadija maisha yake yote, naye alioa tena na nyumba yake ilikuwa na mzaha na uchangamfu. Alimkumbukaje? Alikuwa akichinja kondoo, kisha huwapelekea nyama rafiki zake Bi Khadija. Kumbukumbu yake ilikuwa chakula kinachowafurahisha walio hai. Basi ikiwa marehemu wako alipenda chai ya tangawizi, usiiharamishe chai hiyo nyumbani. Ipike, mpelekee jirani kikombe, na umwombee dua.

Tena sheria yenyewe imeweka mipaka. Mjane hujizuia na mapambo miezi minne na siku kumi, na jamaa wengine siku tatu tu. Mipaka hii si ya machozi, kwani machozi hayana kalenda. Ni mipaka ya kuyafunga maisha.

Nasi majirani tusijitoe katika lawama. Jaafar alipouawa Muta, katika mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume aliamuru jamaa zake wapikiwe chakula, kwa kuwa wameshughulishwa na msiba. Sisi tumeigeuza amri hiyo. Twakwenda matangani kula vya waliofiwa, siku ya tatu, ya saba na ya arobaini, na pengine mbuzi tunayemla amenunuliwa kwa mali ya mayatima. Kisha mjane huyo tuliyemmalizia unga wake akionekana siku moja anacheka mlangoni, twanong’ona kuwa hakumpenda mumewe! Ni nani hasa aliyefanya khiyana hapo?

Basi jawabu letu kwa mama yule ni hili. Mwanao aliyekufa yuko kwa Mola aliye na rehema kukupita wewe, naye hapunguziwi kitu kwa kicheko chako. Lakini huyu aliye hai, aliyefanya mzaha ule, naye amefiwa na ndugu yake, na labda alikuwa akikutafuta. Usimfanye yatima na hali mama yake yu hai. Cheka naye, na ukitaka kulia, lia naye.

Nasi sote tusingoje matanga ndipo tujue thamani ya wetu. Sauti ya mtoto akisoma juzuu yake, anjera ya moto asubuhi, baba akirudi kutoka msikitini na habari za mtaani: hizi ndizo neema tutakazozililia kesho. Afadhali tuzishukuru leo, zingali mikononi.

Wallahu aalam. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, na awape subira waliobaki. Amin.