Dinari Mbili za Msamaria

Neno la kutafakari: Luka 10:25–37



Habari ya Msamaria mwema twaijua sote. Hata watoto wa shule ya Jumapili huisimulia. Twakumbuka mafuta na divai alivyovitia katika majeraha, na jinsi alivyompandisha yule mtu juu ya mnyama wake. Lakini tendo lake la siku ya pili twalipita upesi. Kabla ya kushika njia, alimpa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, akaahidi kulipa yatakayozidi. Yeye alikwenda zake, na huruma yake ikabaki kando ya kitanda cha mgonjwa.

Huruma ya namna hiyo, ibakiayo baada ya mtoaji kuondoka, twaweza kuiona katika nyumba moja ya wagonjwa iliyo Beaune, nchi ya Ufaransa. Mwaka 1443, watu wa huko walipokuwa wamedhoofika kwa vita na umaskini, Nicolas Rolin, waziri mkuu wa mtawala wa Burgundy, pamoja na mkewe Guigone de Salins, waliiweka hospitali hiyo kwa ajili ya maskini. Mgonjwa wa kwanza alipokewa tarehe 1 Januari 1452. Vitanda vilipangwa safu mbili katika ukumbi mmoja mrefu, na mwisho wake palikuwa na madhabahu, ili asiyeweza kuinuka ashiriki ibada akiwa amelala.

Lakini ukuta haumlishi mgonjwa. Kwa hiyo nyumba ile iliwekewa mapato ya kila mwaka. Kisha mwaka 1457 ikapewa shamba lake la kwanza la mizabibu, na wengine wakafuata, huyu akitoa kipande, yule akiacha kwa wasia. Leo mashamba hayo yapata hekta 60. Hospitali yenyewe hutengeneza divai yake, na tangu mwaka 1859 divai hiyo imekuwa ikiuzwa kwa mnada. Jengo la kale lilipokea wagonjwa hata mwaka 1971. Sasa ni makumbusho, na wagonjwa hutunzwa katika majengo mapya, nayo mapato ya divai yangali yakisaidia. Waliotoa kwanza wamelala makaburini miaka zaidi ya 500, na mashamba yao yangali yakizaa kwa ajili ya watu wasiowajua.

Hapa tujihadhari. Katika hati ya kuiweka nyumba ile, Rolin alieleza kwamba ataka kubadili mali ya dunia apate mali ya mbinguni, kama mtu afanyaye biashara njema. Ndugu, biashara hiyo haipo. Mbingu hazinunuliwi kwa shamba wala kwa hospitali. Kristo amekwisha kulipa, nasi twapokea bure kwa imani. Lakini mtu asiseme, Basi, kwa kuwa sinunui kitu, sitoi kitu. Rolin alitoa ili apate; sisi tutoe kwa kuwa tumekwisha kupata. Ni aibu kubwa ikiwa yeye aliyetaka kununua atatushinda kwa ukarimu sisi tuliopewa bure.

Mtasema, Sisi wa Mtawanya hatuna mizabibu. Kweli, lakini minazi ipo, na mikorosho ipo. Majirani zetu Waislamu walijua tangu zamani maana ya wakfu: mali iliyotengwa kwa kazi njema, isiyouzwa, ila matunda yake tu hutumika. Katika delta ya Rufiji mgonjwa husafiri kwa maji kabla ya kuiona barabara, na asiye na nauli hubaki nyumbani. Mchango wa Jumapili moja humfikisha mmoja hospitalini. Akija wa pili, sanduku ni tupu, nasi twamwambia tu kwamba tutamwombea. Minazi kumi ya wagonjwa, mapato yake yakihesabiwa na wazee mbele ya usharika wote, itamsaidia wa pili na wa tatu, hata baada ya aliyeipanda kuzikwa.

Bwana alimwagiza yule mwanasheria aende akafanye kama Msamaria. Dinari mbili zimo katika agizo hilo. Basi kila nyumba ijiulize kabla ya mavuno yajayo: ni mti upi tutakaoutenga kwa ajili ya mgonjwa tusiyemjua bado?

Neema ya Bwana iwe nanyi. Amin.