Barsaba Hakupewa "Thank You"



Vijana wenzangu, mwezi wa saba na wa nane huku kwetu Kabanga ni miezi ya vumbi, baridi ya asubuhi na orodha. Matokeo ya kidato cha sita yanatoka, majina ya waliochaguliwa vyuoni yanafuata, na katikati ya hayo yote ipo orodha inayopigiwa kelele kuliko zote: usajili. Nani kasaini Simba, nani kaongeza mkataba Yanga, na Mashujaa yetu ya Kigoma, iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2023, itabaki na nani. Pita kijiwe chochote cha bodaboda, utakuta kikosi cha msimu mpya kimeshapangwa kabla hata kocha hajashuka kwenye ndege.

Sijaja kuwakemea. Timu ninayo, ila siitaji, maana kwenye nyumba ya malezi pande zote mbili tupo na meza ya chakula ni moja. Tena pale kijiweni kuna akili nyingi. Kijana anayeapa kwamba hesabu hazimwingii kichwani anakutajia umri wa kiungo, dakika alizocheza na tarehe mkataba wake unapoisha. Mtu hukumbuka anachokipenda.

Kinachonisumbua ni misamiati yetu. Mchezaji akija ni "chuma". Mechi tatu zikipita hajafunga, ni "garasa". Akiachwa, klabu inaweka picha yake mtandaoni na maandishi ya "Thank You", nasi tunacheka: huyo kapewa thank you! Siku hizi hata binti akimwacha mvulana tunasema hivyohivyo.

Chukueni mfano wa kikapu. Tarehe 25 Juni 2009, timu za NBA zilipogawana wachezaji wapya, Memphis Grizzlies walimchukua Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam katika nafasi ya pili. Mtanzania wa kwanza kufika huko. Urefu wake ni sentimita 221, na alikuwa ameanza kushika mpira wa kikapu akiwa kijana wa miaka 15 hivi, umri ambao wenzake Marekani walishacheza miaka kumi. Kabla ya msimu kuanza alikuwa chuma hasa. Msimu ule alimaliza na wastani wa pointi 3.1 kwa mechi, na Februari 2010 akashushwa kwa muda kucheza Dakota Wizards, kwenye ligi ya chini. Akapita Houston, akapita Oklahoma City, na baada ya 2014 hakuonekana tena NBA. Aliendelea na kikapu, akacheza mpaka Japan na Taiwan. Lakini fungua mjadala wowote kuhusu mwaka ule, utakuta jina lake linatajwa kwa kulinganishwa: nafasi ya tatu alikuwa James Harden, ya saba Stephen Curry. Garasa.

Sasa tuwe waungwana. Kusema mchezaji fulani hageuki haraka ni tathmini, na kocha asiyeweza kuisema atafukuzwa yeye. Garasa ni neno la karata. Ni karata isiyo na kazi, unaitupa ili mkono wako ubaki na za maana. Kwenye falsafa tulimsoma Immanuel Kant, ambaye mwaka 1785 alitenganisha bei na hadhi: chenye bei unaweza kuweka kingine mahali pake, mtu hana wa kuwekwa mahali pake. Debe la maharage sokoni Kasulu lina bei. Ukimbadilisha mtu kama debe umekosea kwenye hesabu yenyewe, hata kabla hatujafika kwenye dhambi. Na angalieni, hata "chuma" ni neno la bei. Anayekuita chuma leo ameshajiandaa kukuita kile kingine.

Fungueni Matendo ya Mitume, sura ya kwanza, kuanzia aya ya 15. Watu wapatao 120 wamekaa, na Petro anasema lazima pengo la Yuda lizibwe. Anatoa sifa: awe mtu aliyefuatana nasi tangu ubatizo wa Yohane mpaka siku Bwana alipopaa. Wanapatikana wawili: Yosefu aitwaye Barsaba, kwa jina lingine Yusto, na Mathia. Sifa zao zilitosha wote wawili. Wakasali, wakapiga kura, ikamwangukia Mathia.

Mathia tunamsherehekea kila tarehe 14 Mei. Barsaba je? Mimi sijawahi kusikia homilia juu yake, na nimesikia homilia nyingi, nyingine ndefu. Fikirieni usiku ule alipokwenda kulala. Miaka yote ile njiani, vumbi lilelile, njaa ileile, na hakushindwa kwa kosa lolote alilofanya. Halafu someni mpaka mwisho wa Agano Jipya: Mathia naye hatajwi tena. Aliyepata na aliyekosa, wote wawili wanaingia kwenye kundi la wanaosubiri Roho Mtakatifu, na Pentekoste inapofika haimpiti Barsaba. Eusebi, mwanahistoria wa Kanisa la kale, anaeleza kwamba askofu Papia alisimulia jinsi Yusto Barsaba alivyokunywa sumu na, kwa neema ya Bwana, asidhurike. Simlazimishi mtu kuisadiki habari hiyo. Mimi inaniambia jambo moja: muda mrefu baadaye bado walikuwa wakimtaja kama mtu wao. Hakwenda kununa.

Na mkumbuke Yuda. Yeye alichaguliwa baada ya Yesu kukesha usiku mzima mlimani akisali. Orodha haikumlinda.

Naandika haya kwa sababu kila mwaka wapo mafrateri wasiorudi seminari baada ya likizo. Wengine wameambiwa na walezi wao, wengine wameona wenyewe kwamba njia yao ni nyingine. Kijijini neno ni moja tu: "kafukuzwa". Mama yake anaanza kukwepa jumuiya, na yeye anahamia mjini ambako hakuna anayemjua. Ndivyo tunavyompoteza kijana aliyesoma Maandiko miaka mitano, wakati TYCS ya shule ya jirani haina wa kuwafundisha. Wazee wetu wakimpokea vibaya tunaweza kusema ni mambo yao ya zamani. Lakini yale ya WhatsApp tunayaandika sisi.

Wewe ambaye wiki hii umetafuta jina lako kwenye orodha, ukashuka mpaka chini, ukarudi juu, ukashuka tena: Jumapili Misa ya kwanza ni saa moja. Besi kwenye kwaya wamebaki wawili, na mmoja ana mafua.